Nyasi za Katikati ya Lupango

Nilipokuwa bado mtu wa kutumwa chumvi nikarudi na sukari, kulikuwa na nyasi katikati ya lupango letu, yaani kiwanja chetu, huko Bunia. Sisemi magugu yanayoota mvua ikinyesha na kufa kiangazi. Zilikuwa nyasi ndefu za kumfika baba kichwani, zimeota kwa mafungu, fungu hapa na fungu pale, kutoka barabarani mpaka nyuma kwenye migomba, nyumba ikabaki upande mmoja na jiko upande mwingine. Mama akitaka kupeleka sufuria jikoni ilimbidi apite katikati ya mafungu huku majani yakimkwaruza mikono. Mbuzi walizionja wakaziacha. Hakuna aliyezipenda, na hakuna aliyethubutu kuzing'oa.

Aliyezilinda ni koko. Ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, na huyu alikuwa mama mzaa baba, mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa macho. Onyo lake lilikuwa moja tu, na hakuwahi kulieleza.

"Mwenye kung'oa ile majani, mutu moja ataondoka mu hii nyumba."

Aondoke kwenda wapi, hakusema. Sisi watoto tulijua maana yake ni kufa. Mama yangu, ambaye hakuwa mtoto, naye alijua hivyohivyo, na ndiyo maana aliendelea kukwaruzwa mikono bila kulalamika.

Mimi nilikuwa mtoto wa kushuku, na hata leo sijapona. Nilinusa chakula kabla ya kukila, nilinusa maji, nilinusa nguo za wageni wakiwa wameketi. Kwa hiyo nilijiuliza: kama nyasi hizi ni mbaya, mbona koko huyohuyo ndiye anayepalilia pembeni yake asubuhi, kwa upole, kana kwamba anamchana mtoto nywele? Nilipomuuliza alinituma maji. Nilimshuku pia kwa ajili ya sanduku lake la bati, alimohifadhi vikwembe vyake, vitenge vya Jumapili. Akilifungua, harufu fulani ilitoka humo, ya udongo uliolowa na mti mkavu kwa pamoja, nzuri ajabu. Nilikatazwa kutia mkono ndani.

Upande wa jiko, ng'ambo ya ua wetu wa matete, palikuwa na kiwanja kitupu. Wenyewe walikimbia wakati wa vita, na hawakurudi. Halafu siku moja akaja Mama Masika, mfanyabiashara wa maharagwe kutoka Butembo, mjane mwenye watoto wawili wa kike. Alikinunua kile kiwanja kwa ndugu wa wale waliokimbia, akasimamisha nyumba ya mbao.

Mtaa ulimpokea kwa jicho la pembeni. Alisalimia akitazama chini, wakasema anaficha kitu. Alifunga mlango jua likiwa bado juu, wakasema anajua anachofanya humo ndani. Mambo hayohayo angeyafanya mtu tuliyemzoea, tungesema ana haya, au amechoka.

Alipokuja kwetu kusalimia aliziona zile nyasi, akauliza kwa adabu kama angeweza kupata majani kidogo ya chai. Alidhani ni mchaichai. Koko alikataa, akampa kisogo. Lakini Jumapili moja wakubwa wakiwa kanisani, mimi na mdogo wangu Deo tukiwa tumeachwa nyumbani, Mama Masika aliingia, akachuma jani moja, akalifikicha na kulinusa. Akacheka peke yake. Alisema halina harufu yoyote, basi si mchaichai, ila hajui ni nini. Akalitupa, akampa Deo mkate wa mafuta uliokuwa bado wa moto, akaenda zake. Mimi niliunusa ule mkate. Ulikuwa mkate tu.

Baada ya siku chache Deo akashikwa na homa. Walimpeleka kituo cha afya, akachomwa sindano, homa ikashuka na kupanda tena. Macho yake yalikuwa meupe. Mama aliniuliza kama kuna mtu yeyote aliyefika pale nyumbani, nami nikamweleza nilichokiona, vile nilivyokiona. Nilisema jani. Nilisema mkate. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unasema kwamba Mama Masika alizika kitu chini ya nyasi zetu, kwamba alikuja kuangalia kama kimeshika.

Baba alikuwa kwenye migodi ya Kilo akichimba dhahabu. Wakampigia simu, akarudi na tope lake miguuni. Ikaamuliwa kwamba mchana wa kesho yake, mbele ya mzee wa mtaa, nyasi zitang'olewa. Kikionekana kitu, Mama Masika atatoka Bunia siku hiyohiyo na watoto wake. Vijana waliosimama langoni walikuwa na sura za watu wasiohitaji kuonyeshwa kitu. Tangu wakati wa vita sisi tunaijua sura hiyo, na Mama Masika aliijua. Alisimama uani kwetu akiwashika watoto wake mikono, mmoja huku na mmoja huku.

Koko aliketi kwenye kigoda karibu na mlango. Alikuwa amemwambia baba usiku kucha asichimbe, naye baba akamjibu kwamba mtu wa kuondoka tayari analala ndani na homa, sasa aogope nini tena.

Baba alichimba kama wachimbaji wanavyochimba, shimo jembamba linaloshuka wima. Mizizi ilikuwa mingi na ilikwenda chini moja kwa moja, haikutambaa. Alishuka mpaka kiunoni, mizizi ikawa bado inaendelea. Hapakuwa na kitambaa wala mfupa wala chupa. Mtu mmoja akasema ahamie fungu la pili. Kijana mwingine akasema labda kitu chenyewe kimeshaondolewa, na nikaona Mama Masika anawavuta watoto wake karibu zaidi. Nikaelewa, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba kisipoonekana kitu watamfukuza vilevile.

Ndipo harufu ikanifikia. Baba alikuwa ametupa fungu zima juu ya udongo, mizizi ikiwa imekatika mbichi. Nilisogea, nikainama, nikanusa, maana ndivyo nilivyokuwa. Nikasema bila kufikiri, tena kwa furaha ya kutambua kitu:

"Inanuka sawa bikwembe ya koko."

Hakuna aliyenikemea. Mama aligeuka kumtazama koko. Baba naye akageuka, akiwa ndani ya shimo. Kisha mtaa mzima ukamgeukia, zile shuku zote zilizokuwa kwa Mama Masika zikahama kama kundi la ng'ombe. Niliogopa sana. Nilidhani sasa watamfukuza koko wangu.

Koko alinyanyuka taratibu. Angeweza kukaa kimya. Angeweza kusema mtoto hajui anachosema, na wangemwamini, kwa kuwa walikuwa wanatafuta njia ya kumrudia yule mgeni. Nimelifikiria hilo mara nyingi.

"Mumuache ule mama," alisema. "Ile majani iko mupaka. Njo miye nilipanda, na rafiki yangu mwenye alikimbia. Siye mbili. Jiko yetu iko mu parsele yake."

Parsele ni kiwanja: jiko letu lilikuwa ndani ya kiwanja alichonunua Mama Masika. Kisha akaeleza, akimtazama baba peke yake. Walipopewa viwanja wakiwa vijana, yeye na jirani yake walipanda nyasi hizo mpakani kama walivyowaona wazee wao wakifanya, kila mmoja akitia mche mmoja kwa zamu. Walikula pamoja siku hiyo, wakasema kwamba atakayeung'oa mpaka atapoteza mtu wake. Mizizi ya pembeni walikata kidogo, wakaiweka kwenye masanduku ya nguo ili wadudu wasile vikwembe. Vita vilipokuja rafiki akakimbia. Koko alingoja. Baadaye, majirani wa zamani wakiwa wametawanyika, na baba akiwa migodini alikokwenda tangu mvulana mdogo, koko alisogeza ua wa matete mbele, kidogo kwanza, halafu mpaka mwisho, akajenga jiko. Ua aliweza kuusogeza. Nyasi hakuthubutu.

Mzee wa mtaa alitembea kufuata mafungu kutoka barabarani hadi migombani. Yalikuwa yamenyooka. Miaka yote tuliyazunguka, na hakuna aliyewahi kusimama mwanzoni akayatazama kwa urefu. Vijana wa langoni walitawanyika bila kumwomba mtu radhi.

Deo alirudishwa kituoni, wakagundua damu yake imepungua kwa malaria, akaongezewa damu, akapona. Mama Masika alisema jiko libaki tu, watu wanaishi vizuri hata bila mpaka. Baba hakukubali. Alilibomoa mwenyewe, tofali kwa tofali, bila kuzungumza na mama yake, wala siku zilizofuata hakuzungumza naye. Mwisho wa mwezi koko alifunga sanduku lake akaenda kwa shangazi yangu, kule Tchomia, ziwani. Mtu mmoja aliondoka nyumbani kwetu, kama alivyosema. Aliondoka na lile fungu lililong'olewa, amelifunga kwenye kitambaa chenye maji. Hakurudi akiwa hai. Nilimlilia, na nilikuwa nimemkasirikia, na vyote viwili vilikaa ndani yangu kwa muda mrefu.

Juzijuzi niliona watu wakipanda nyasi hizohizo kwenye mteremko wa barabara ili udongo usiporomoke. Nilimuuliza agronomu wao, mtaalamu wa kilimo, jina lake. Akasema ni vetiveri, asili yake India, ililetwa zamani na ikazoea udongo wetu. Akasema jambo jingine: ile tunayoipanda huku haisambai kwa mbegu. Ukiikuta mahali popote, ujue kuna mkono wa mtu ulioiweka.

Nilishukuru, nikaenda zangu. Tangu utoto sijasikia mwiko wowote bila kuuliza nani aliuweka, na unamlindia nani nini. Watu wa kwangu husema nina roho ngumu. Lakini swali moja sikuwahi kupata wa kunijibu: koko aliziacha zile nyasi kwa kuogopa kiapo, au aliziacha ili rafiki yake akirudi apaone pake?

Nilikwenda Tchomia. Shangazi amezeeka, anakausha samaki uani. Nyuma ya nyumba yake nilizikuta nyasi, ndefu, kwa mafungu, kwenye mstari. Alisema koko alizipanda mwaka uleule aliofika, tena alimwita jirani, wakapanda kwa zamu, wakala pamoja.

Nilisimama mwanzoni mwa mstari kama alivyosimama mzee wa mtaa, nikatazama ua wa shangazi umewekwa wapi. Kwa kweli niliogopa kutazama. Ua ulikuwa palepale penye nyasi, na pale ambapo fungu moja lilikuwa limenenepa kuelekea kwa jirani, mtu alikuwa ameurudisha ua nyuma kidogo, upande wetu, ili jirani asipunjwe.