Bibingka na Vitambaa vya Mlangoni

Rowela Sumagaysay, Weng kwa waliomzoea, aliamini kwamba mtoto wa mbwa hafundishwi kwa makelele. Hufundishwa kwa saa, kama mgonjwa anavyomezeshwa dawa; na dawa ndizo zilikuwa kazi yake, kutwa wima nyuma ya kaunta ya duka la dawa pale mjini Jaro.

Mbwa mwenyewe, Bibingka, alikuwa shih tzu mweupe wa kuenea kwenye kofia. Kaka yake Rowela alimwachia kabla hajarudi melini. Lakini Shangazi Puring, mwenye nyumba aliyeishi chini, alikuwa ameshatoa hukumu: "Tone moja tu kwenye sakafu yangu, Weng, na huyo anakwenda kwa binamu yako shambani." Kwa binamu, mbwa hufungwa kamba nje, mvua inyeshe, jua liwake.

Basi kila alfajiri Rowela alimbeba Bibingka, bado ana usingizi, akamweka kwenye kitambaa cha mviringo cha kufutia miguu karibu na mlango wa jikoni kwake, kile cha kushonwa kwa vipande vya fulana, akangoja. Akikojoa, alipata kipande cha kuku na sifa tele. Mchana, wenzake wakifungua vyakula vyao, yeye alikuwa anarukia bajaji kurudi kwa mbwa.

"Weng, unamkimbilia mume?"

"Mume angesubiri. Kibofu hakisubiri!"

Jioni akirudi, sakafu ilikuwa kavu, kitambaa kimelowa. Rowela alitembea kifua mbele.

Siku ya sikukuu ya parokia, milango yote ya Jaro ikiwa wazi na kila meza imejaa tambi na nguruwe wa kuchoma, akashuka na Bibingka mkononi, amemfunga utepe. Akamweka chini mbele ya wageni. Kijibwa akanusa, akakata sebule hadi mlango mkubwa. Pale Shangazi alikuwa ametandika kitambaa kipya cha kufutia miguu, kama kilivyo kwenye kila kizingiti mjini. Bibingka akazunguka mara moja, akachutama. Kisha akaenda mlango wa jikoni kwa Shangazi, kwenye kitambaa cha pili, akamalizia. Akarudi miguuni kwa Rowela, mkia unacheza, akidai kuku wake.

Wageni walicheka hadi machozi. Shangazi hakucheka.

"Kesho, shambani."

"Shangazi, huyu hajakosea. Nimemfundisha kitambaa, na wewe umemtandikia kila mlango."

"Kwa hiyo kosa langu?"

"Langu mimi. Nipe mpaka Pasaka."

Shangazi akamtazama, akautazama ule utepe. "Bahati yako Kwaresima inakuja. Padri ametukataza hasira. Mpaka Pasaka."

Rowela hakulia wala hakukonda. Alichimba bamba la majani pamoja na udongo wake kwenye kiwanja kitupu, akalilaza ndani ya sinia kuukuu, na juu yake akatandika kile kitambaa. Bibingka alipokizoea kikiwa pale, mkasi ukaanza kazi. Kitambaa kilipungua kama mwezi mwishoni mwa mwezi, kikawa sahani, kikawa kisahani, mwisho yakabaki majani matupu. Bibingka hakuhoji. Mchana bajaji zilimjua Rowela, na madereva walimwuliza hali ya mgonjwa.

Pasaka, baada ya misa, Shangazi alikuwa ameshang'arisha mbao za sakafu yake, akiteleza na mguu mmoja juu ya kumbi la nazi. Akatandika kitambaa kipya katikati ya sebule.

"Mlete huyo mwanafunzi."

Bibingka akakinusa. Akazunguka mara moja. Rowela hakusogea, alikuwa anamjua mtu wake. Kijibwa akakiruka kitambaa, akashika ngazi, kucha zake ndogo zikigonga kidato kwa kidato. Wanawake wawili wakamfuata. Walipofika juu, majani kwenye sinia yalikuwa yanameremeta, na mwenye majani amekaa kando anangoja kuku.

"Mh," alisema Shangazi. "Wajukuu zangu hawajafika hapo."

Akashuka. Akarudi na kile kitambaa kipya, amekikunja vizuri.

"Awe analalia. Ila ukikifua usikianike mbele, watu watasema nawapangishia mbwa nyumba."