Waliokuwa Wakingoja Gari

Mimi si mtunzi wa hadithi. Nilifundisha hesabu shule ya msingi tangu ujana wangu mpaka nikastaafu, na hesabu haitaki chumvi. Haya nitakayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, jua bado linawaka, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ukitaka kucheka, cheka. Walioshuhudia asubuhi yake wengine bado wapo Nkowe, nenda kawaulize.

Kwanza nikueleze habari za gari. Mimi mzaliwa wa Kigoma, Nachingwea nilipelekwa na kazi. Huko nikanunua kigari kwa mtaalamu mmoja wa Kizungu aliyemaliza mkataba wake akawa anarudi kwao. Kigari cha Kijapani, milango minne, rangi ya maziwa, kidogo mpaka wanafunzi wangu wakawa wanakizunguka na kuulizana injini imekaa wapi. Siku zile mwanamke kushika usukani Nachingwea ilikuwa sinema. Na petroli ilikuwa haipatikani ila kwa kibali. Wenye magari makubwa waliyaegesha uani, kuku wakatagia humo. Changu kilikuwa kikinusa tu petroli, kinakwenda. Nilikuwa naweza kwenda Ruangwa na kurudi, na mshale usishuke wa kuonekana. Niamini, nilikipenda kigari kile kama mtoto wa kumzaa.

Siku hiyo nilikwenda Ruangwa kumpongeza rafiki yangu aliyejifungua. Ulikuwa msimu wa korosho na mvua zimeshaanza. Nikaondoka baada ya adhuhuri, nikapitia Nkowe kufikisha salamu za watu. Nimeiacha Nkowe nyuma kidogo, nikakuta lori la korosho limezama kwenye tope, limekaa mshazari, limeziba njia yote. Dereva na wenzake walikuwa wamekaa pembeni, ndiyo kwanza wanateleka chai juu ya mafiga.

"Dada, hapa hapapitiki mpaka kesho," dereva akaniambia. "Bora urudi Nkowe."

Nikawa nageuza gari, ndipo akaja dirishani mwanamume mmoja wa makamo, miguu peku, amevaa koti jeusi lililopauka mabegani. Nilidhani ni mmoja wao.

"Mwalimu," akasema, "kigari chako ni kidogo. Kuna njia ya zamani hapa kushoto. Inapita kijijini kwetu, halafu inakutoa mbele ya lori."

"Gari inapita?"

"Lori lilikuwa linapita, sembuse hiki?"

Nani alimwambia kwamba mimi ni mwalimu? Sikujiuliza. Akaingia akakaa mbele, kando yangu, nikakata kona. Nyuma nikasikia wale wa lori wanapiga kelele. Nikajua ndiyo yale yale ya kumzomea mwanamke dereva, nikakanyaga mafuta.

Njia ilikuwa safi, imefagiliwa kama ua. Hatukwenda sana, tukatokea kijijini. Nyumba za udongo, paa za nyasi, na mbele ya kila nyumba watu wamekaa juu ya mizigo yao. Mikeka imekunjwa, vyungu vimefungwa kamba, kuku wamefungwa miguu. Watu wazima tu, wengi wazee. Hapakuwa na mtoto hata mmoja, wala moshi kwenye jiko lolote, na saa ile kila kijiji kinapika.

"Wanasafiri?" nikamuuliza yule bwana.

"Wanangoja gari. Lori lilisema linarudi. Limekawia."

Nikafikiri wana msiba mahali. Roho ikaniuma. Nikasema naweza kuwasogeza wachache mpaka barabarani, wengine watapata usafiri huko. Wakaingia watatu nyuma. Nyuma yangu akakaa bibi mmoja mwembamba, hana uzito wa kuku, lakini alipokaa gari likadidimia upande huo. Nikaanza kwenda.

Njia ikapinda kulia, ikapita katikati ya mikorosho, ikapinda tena. Nikatokea kijijini. Kijiji kile kile. Watu wale wale, juu ya mizigo ile ile.

"Umerudi upesi, mwalimu," wakasema. "Ahsante. Chukua wengine."

Nikasema jamani, hawa sijawashusha, nafasi hakuna. Milango ya nyuma ikafunguliwa, wakaingia. Hakushuka mtu. Wewe umewahi kuona gari la watu wanne likabeba tisa, na milango ikafungwa vizuri tu? Nikaondoka, nikazunguka, nikatokea pale pale. Wakaingia wengine. Nikijaribu njia ya kushoto, kijijini. Nikirudi nilikotoka, kijijini. Kwenye kioo niliona nyuso, na nyuma ya nyuso, nyuso nyingine, zimetulia kama watu walio foleni ya hospitali. Magoti yao yalinibana mgongoni kupitia kiti. Hewa ikawa haitoshi. Nilitaka kufungua dirisha, mpini ukawa unazunguka bure.

"Baba," nikamwambia yule wa mbele, "barabara kubwa iko wapi?"

"Endesha tu, mwalimu," akasema kwa upole. "Hiki chako kinakunywa kidogo."

Nikatazama mshale wa petroli. Ulikuwa pale pale ulipokuwa nilipoiacha Nkowe. Sisi wenye magari siku zile dua yetu ilikuwa moja, petroli isiishe. Mimi jioni ile niliomba iishe. Nilimwomba Mungu kwa machozi kigari changu kile kizime, kife, nisiendeshe tena. Nacho kinanguruma vizuri kama siku niliyokinunua, kinanizungusha, na kila mzunguko tunazidi kuwa wengi.

Mwisho nikasimama katikati ya kijiji, nikaegemeza kichwa kwenye usukani nikalia.

"Mwanangu, unalia nini?" Alikuwa yule bibi wa nyuma yangu. Kiswahili chake cha kutafuta tafuta.

"Nataka kwenda nyumbani, bibi."

"Sisi tuliambiwa tungoje gari," akasema. "Wewe nani kakwambia ungoje?"

Nikainua kichwa. Wallahi, muda wote ule wazo la kushuka halikunijia. Nilikuwa nimeng'ang'ania usukani kana kwamba mimi na gari ni kitu kimoja. Niliache gari langu porini? Nikaushika ufunguo nizime, mkono ukakataa. Nikafungua mlango. Ukafunguka bila shida. Nikaweka mguu chini, halafu wa pili, nikaanza kutembea. Mkoba wangu niliuacha humo, na gari likiwa linanguruma. Hakuna aliyenizuia. Nilisikia tu nyuma yangu mlango unafungwa, taratibu, kama unavyofungwa chumba cha mgonjwa.

Ile njia iliyofagiliwa sikuiona tena. Nilipita vichakani, miiba ikanichana miguu na gauni, nikifuata sauti za watu wanaobishana. Nikatokea barabarani, kwenye lori. Sufuria ya chai ilikuwa bado haijachemka.

Dereva akasimama. "Dada, gari liko wapi? Mbona ulikata kona ukaingia porini kama mtu aliyerogwa? Tulikupigia kelele mpaka koo zikakauka."

"Yule baba wa koti jeusi alinionyesha njia."

"Baba yupi? Uliingia peke yako."

Wakanisindikiza Nkowe, nikalala kwa mama mmoja anaitwa Somoe, mkulima, mwenye maneno mengi na ucheshi. Nikamsimulia. Alikuwa akisema "makubwa!" na kutikisa kichwa, mpaka nilipofika kwenye yale maneno, "Lori lilisema linarudi." Akaweka kikombe chini.

"Pale ni mahame," akasema. "Ndiko tulikotoka, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Lori lilichukua kwanza watoto na wenye nguvu. Wazee na wagonjwa wakaambiwa wafunge mizigo, wangoje. Lori likavunjika njiani, mvua zikashuka, mto ukajaa. Tulipoweza kuwafuata kwa miguu…" Akajifunga upya kanga yake. "Bibi yangu alikuwemo."

Asubuhi tukaenda, wanaume wa Nkowe na mapanga yao, yule dereva wa lori, mimi na Somoe. Gari tulilisikia kabla ya kuliona. Lilikuwa bado linanguruma. Lilikuwa katikati ya kichaka, mikorosho iliyojiotea imelibana huku na huku, huwezi kupitisha mkono kati ya mti na bati. Nyumba hazikuwepo, ni vilima vya udongo vilivyoota majani. Alama ya tairi haikuwepo. Na gari limekaa chini, matairi yamemezwa na madigadi, kama limebeba saruji.

Dereva akachuma kijiti kirefu, akakitumbukiza kwenye tangi. Kikatoka kikavu. Akanitazama, akakitupa, akarudi nyuma.

Wanaume wakakata miti mpaka milango ikaweza kufunguka. Hakuna aliyetaka kuishika. Somoe akaenda, akafungua mmoja mmoja, yote minne, akasema maneno kwa Kimwera, sauti ya kawaida tu, kama anaita watu kula. Baadaye nilimuuliza alisema nini. "Nimewaambia shukeni, mmefika. Gari halipo tena, tumekuja kuwachukua kwa miguu."

Gari likaanza kuinuka. Springi zikalia, kona ya mbele, kisha nyingine, kisha ya nyuma kushoto. Injini ikazima. Somoe akashika njia ya kurudi Nkowe, hageuki nyuma, anaongea njia nzima, mara anacheka, mara anasema angalieni shimo. Sisi tulimfuata kwa mbali. Jioni ikasomwa hitima.

Ya mwisho ni kona ya nyuma kulia, nyuma ya kiti changu. Ile haikuinuka. Mafundi wa Nachingwea walibadilisha springi mara kwa mara, bado iko chini. Watu walikuja kulitaka gari; wakikaa pale nyuma ya dereva, wanashuka na kuaga bila kusema sababu. Nilipomweleza Somoe, alicheka huku machozi yanamtoka. "Bibi yangu alikuwa mbishi," akasema. "Labda hakuniamini mimi. Kakuamini wewe."

Kwa hiyo sikuliuza. Niliendesha hivyo hivyo miaka yangu yote iliyobaki kazini, limeinama upande, na sikuwahi kumkaribisha mtu yeyote kiti kile. Sasa limeegeshwa uani kwangu. Milango hiyo minne siifungi, mvua inyeshe, jua liwake.

Nawe unayenisikiliza, usimwambie mtu aliyekaa juu ya mzigo wake, "Ningoje hapa, nakuja kukuchukua," kama huna hakika. Ukichelewa, tuma mtu. Ukishindwa, tuma hata neno, mwambie aende zake. Usidhani atachoka. Atangoja.