Kibao Kisichoisikia Ruta Mpya

Mkwe wangu ni muuguzi, na nyumbani anafuga kuku. Kwenye mashine ya kutotolea vifaranga ameweka kibao kidogo cha umeme, akakiandikia programu ya Python ili kimpelekee joto la mayai kwenye simu akiwa kazini. Jana kikanyamaza. Mwanangu, mumewe, dereva wa lori, alikuwa ametuletea ruta mpya ya intaneti yenye kasi, ile ya zamani akaondoka nayo safarini.

Mkwe akaandika upya neno la siri, akakizima, akakiwasha. Wapi! Mwisho akakiamuru kitaje mitandao yote kinayoisikia.

"Baba, kinataja ya majirani, wa kwetu hakiusikii. Ruta inatangaza kwa masafa mapya ya mawimbi tu, na kibao kinajua ya zamani."

"Kiziwi mwenzangu huyo. Si uipange upya hiyo ruta?"

"Neno la kuifungulia analo mwanao, na simu yake haipatikani."

Zamu ikamwita, akaniachia mimi mayai, maana hakuna mwingine. Macho yangu hayasomi tena namba za kipimajoto. Nikaweka kiganja juu ya kioo cha mashine. Joto nililihisi, ila kama limetosha au limezidi, sikujua.