"Novemba Hakuna Kimbunga," Wakamwambia Zafisoa

Saa saba mchana, Zafisoa amesimama nje ya kituo cha hali ya hewa, kando ya uwanja mdogo wa ndege kaskazini mashariki mwa Madagaska. Mawingu ya ngurumo yaliyojikusanya baharini tangu jana hayakutawanyika hata usiku, na sasa upepo umehama. Unatoka kusini.

Anaingia ndani kusoma mgandamizo wa hewa. "Kila siku mchana hushuka," anasema mama huyu wa miaka 59. "Kwa hiyo usilinganishe na asubuhi. Linganisha na jana saa hii hii."

Jana ulikuwa 1010. Leo ni 1007, na kushuka hivyo ni dalili ya dhoruba. Anaandika kitabuni, kisha anapiga simu makao makuu.

"Tusubiri picha za setilaiti, Mama," anajibu afisa wa zamu. "Novemba hakuna kimbunga."

Maneno hayo anayajua. Novemba mwaka jana aliambiwa hivyo mara tatu kwa siku moja, na afisa huyu huyu akacheka: "Mama, msimu umeuanza peke yako?" Tangazo la tahadhari halikutoka redioni. Saa kumi jioni upepo uling'oa paa la shule ya Ambodirano, watoto wakiwa bado darasani. Wawili walikufa.

Wiki tatu baadaye ikaja barua ya onyo. Ilisema Zafisoa ndiye aliyechelewa kutoa taarifa.

"Nilikaa hapo kwenye ngazi nikaisoma mara mbili," anasema, sauti ikipanda. "Nimewazika watoto wale. Halafu walionicheka ndio wananiandikia mimi barua?"

Alituma nakala ya kitabu chake, chenye saa ya kila simu na jina la aliyeipokea. Mpaka leo hajajibiwa.

Safari hii hasubiri. Anampigia Bezara, mwalimu mkuu wa Ambodirano.

"Warudishe watoto nyumbani."

"Ofisi imesema?"

"Ofisi haijasema. Nasema mimi."

"Basi inatosha, Madamu," anasema Bezara, na kengele inasikika ikigongwa kabla hajakata simu.

Asubuhi ya pili mgandamizo umepanda na mawingu yamesambaratika. Hakuna kimbunga. Afisa wa zamu anapiga mwenyewe: "Vipi Mama, kimbunga chako kimepotelea wapi?"

"Sijui kilikopotelea," anajibu Zafisoa. "Watoto najua walikolala. Andika na hilo."

Machi atastaafu. Kabla ya hapo atasafiri siku tatu kwa barabara hadi makao makuu, kudai barua ile iondolewe kwenye faili lake.

"Sidai heshima," anasema. "Ikibaki pale, kosa litakuwa la mama mmoja aliyekwisha kustaafu. Wao watakuwa hawana kosa. Na Novemba nyingine mtu atapiga simu kutoka hapa, nao watacheka tena."