Mwanamke Aliyeazima Jina Langu Njia ya Biliqo

Haya nitakayokuambia hayakumpata jirani wala binamu ya jirani. Yalinipata mimi, niliyaona kwa macho yangu haya, na shemeji yangu Guyo alikuwa kando yangu ameshika kamba ya ngamia. Guyo yuko hai, anakaa Garbatulla. Nenda kamuulize. Atakwambia vilevile, ila yeye hupenda kuongeza.

Na usingoje giza. Watu wakisimulia mambo ya majini hupenda kuanza na usiku. Mimi niliyaona wakati wa alasiri, saa ambayo kivuli cha ngamia unakiona vizuri kabisa mchangani.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mume wangu alikuwa amefariki, Mungu amrehemu, akaniachia watoto na ngamia wachache wa mizigo. Watu wa ukoo walitaka niwauze ngamia nikae nyumbani. Nilikataa. Nilinunua sukari, majani ya chai, tumbaku na mashuka pale Isiolo mjini, nikaanza kupeleka Merti na Biliqo, huko ndani nyikani, mimi mwenyewe, na Guyo, ndugu mdogo wa marehemu, akawa anafuatana nami. Wakati huo malori yalikuwa yameacha kwenda huko. Shifta, ndivyo tulivyowaita majambazi wote wa njia ile, wawe wa kabila gani, walikuwa wamechoma malori kadhaa, na matajiri wenye malori wakasema basi. Sasa nani alibaki anapeleka sukari Biliqo? Mimi. Mjane na ngamia wake.

Niamini, sikuwahi kuporwa hata gunia moja. Nilikuwa na akili ya njia. Shifta walikuwa na watu wao sokoni, wanakaa na kikombe cha chai wakisikiliza nani anapakia nini. Kwa hivyo nikitaka kuondoka Jumanne nilitangaza Ijumaa, tena kwa sauti, huku nikibishana bei ya kamba ili wasikie vizuri. Sukari niliifunika kwa ngozi kuukuu za mbuzi zinazonuka, mtu akiona anadhani ni mzigo wa maskini. Kengele za mti zilizo shingoni mwa ngamia nilizijaza nyasi kavu zisilie. Tulipita penye mawe, mahali nyayo hazikai, na moto hatukuwasha. Wako wanaume waliosafiri na bunduki za kuwalinda na bado wakanyang'anywa kila kitu. Mimi nilifika.

Safari hiyo ilikuwa ngumu kwa sababu ya ukame. Kule Biliqo ng'ombe walikuwa wamekwisha, maziwa hakuna, watu wanaishi kwa chai ya rangi. Nilikuwa nimebeba unga mwingi, na watu walikuwa wametumiana habari kwamba ninakuja. Habari ikimfikia mwenye njaa, humfikia mwizi pia.

Tulikuwa tumekaribia laga moja pana, mto wa mchanga mtupu usio na maji, ambao lazima uuvuke ukienda Biliqo. Guyo akasimama. Mbele yake palikuwa na nyayo za akala, viatu vya mpira wa gurudumu, mpya kabisa, kingo zake hazijaporomoka. Zilikuwa za watu wengi. Zilishuka kuelekea laga na hazikurudi.

"Shemeji," Guyo akasema polepole, "hawa wanatungoja."

"Naona."

"Turudi."

"Turudi na maji gani?"

Maji yetu yalikuwa yanaisha, na kisima kilichofuata kilikuwa ng'ambo ya laga. Tukawaingiza ngamia kwenye kichaka cha miti ya miswaki, tukawalaza, tukakaa kimya. Kutoka chini lagani tuliwasikia wale watu wakiongea. Mmoja alicheka. Kisha, sikiliza hili, nikasikia wakitaja jina langu. Walikuwa wanabishana kama nitapita kabla ya jua kutua au baadaye.

Hapo ndipo mtu alikohoa nyuma yangu.

Niligeuka nikaona mwanamke amekaa chini, umbali wa kunyoosha mkono, kana kwamba tulikuja naye. Hakuwa kijana wala mzee. Alivaa kama sisi. Hakuwa na kibuyu, hakuwa na fimbo, hakuwa na mzigo wowote, na mahali pale hakuna boma karibu. Nikatazama miguu yake. Sote tulikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Miguu yake ilikuwa safi kama ya mtu aliyetoka kuoga.

"Salaam aleikum," nikanong'ona.

Hakuitikia salaam. Alisema tu, "Nipe tumbaku."

Nikampa. Ungefanya nini wewe? Guyo aliniambia baadaye kwamba alitaka kusoma dua lakini maneno yote yalimkimbia, hata yale aliyofundishwa utotoni. Yule mwanamke aliitia tumbaku shavuni, akatafuna bila haraka, kisha akaniangalia.

"Wale chini wanakutaka wewe," akasema. "Hawamjui huyu mwanamume, hawawajui ngamia. Wanalijua jina lako. Niazime jina lako, nami nitawapelekea."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jua litue."

Sasa nitakuambia jambo ambalo mpaka leo najivunia. Niliogopa, ndiyo. Lakini mimi ni mwanamke wa biashara, na mtu akitaka kitu changu, hata awe nani, kuna bei.

"Jua kutua ni karibu sana," nikamwambia. "Nikikupa jina langu kwa kuvuka laga moja tu, nimepata hasara. Nataka nisiguswe njia hii maisha yangu yote ya biashara. Mimi, na huyu shemeji yangu, na ngamia, na mizigo."

Guyo alinishika shuka akinivuta, ninyamaze. Sikunyamaza.

Mwanamke akaacha kutafuna. "Hilo ni kubwa."

"Na jina langu si dogo. Umewasikia wanavyolitaja."

Aliniangalia, na nakuhakikishia, ile haikuwa hasira. Ilikuwa ni ile heshima unayoiona kwa muuzaji wa mbuzi akikutana na mnunuzi anayejua meno ya mbuzi.

"Sawa," akasema. "Lakini nikilichelewesha usinilaumu."

Nikainama, nikamnong'oneza jina langu sikioni. Sikio lake lilikuwa baridi, katika joto lile. Akainuka, akatoka kichakani, akashuka kuelekea laga bila kujificha. Na alipokuwa anatembea, kengele zikaanza kulia. Kengele za ngamia, nyingi, kana kwamba kuna msafara mzima nyuma yake. Guyo akapapasa kengele za ngamia wetu, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimejaa nyasi. Ngamia wetu walikuwa wamelala, masikio yamesimama.

Shifta wakatokea. Tuliwaona kupitia matawi, bunduki mikononi. Mmoja akaita jina langu, akasema simama hapo. Na sauti ikamjibu, "Naam, nakuja." Ilikuwa sauti yangu mimi. Mwenye sauti anaijua, lakini Guyo pia aliijua, maana alinigeukia kuona kama mdomo wangu umefunguka.

Walipiga risasi. Kengele hazikusimama, ziliteremka laga kuelekea mashariki, nao wakazifuata wakikimbia, wakiita jina langu, na sauti yangu ikiwajibu kila mara, kila mara mbali zaidi. Tukawasimamisha ngamia, tukavuka. Kwenye mchanga wa laga niliona nyayo za akala za watu wanaokimbia. Nyayo za mwanamke hazikuwepo. Nyayo za ngamia zilikuwa za wetu peke yao, zile tulizokuwa tunaziweka.

Tulifika Biliqo, na gunia hata moja halikupungua. Natamani ungewaona wale kina mama wakikinga unga kwa shuka zao. Kuna bibi mmoja alinishika mkono akakataa kuuachia. Siku ile nilitembea katikati ya watu kama chifu, na sioni haya kusema hivyo. Malori yalishindwa, mimi nilifika.

Lakini asubuhi, wakati wa kupakia ngozi tulizonunua, Guyo aliniita kwa jina nimsaidie kuinua mzigo. Kabla sijafungua mdomo, mtu aliitikia, "Naam." Ilitoka nyikani, nyuma ya boma. Ngamia wote waligeuza vichwa upande huo. Jua lilikuwa limetua na kuchomoza tena, na jina langu lilikuwa halijarudi.

Halijarudi mpaka leo. Nilifanya biashara njia ile mpaka miaka ya themanini ikaingia, nikajenga nyumba ya mawe Isiolo, nikafungua duka, nikasomesha watoto wote, na shifta hawakunigusa hata kidogo. Mwanamke alitimiza ahadi yake. Wakati mmoja mwanamume mwenye mguu mbovu alikuja dukani, akasimama mlangoni, akakataa kuingia. Akasema alikuwa mmoja wa wale wa laga. Walinifuata mpaka giza, akasema, na wenzake wengine hawakurudi. Aliomba aone miguu yangu. Nikaitoa nje ya kaunta nikamwonyesha, ina vumbi kama ya mtu yeyote. Akalia pale pale, akaondoka bila kununua kitu.

Watu huniita Mama Sukari. Wajukuu wangu hawajui jina lingine, na sijawafundisha. Marehemu dada yangu alisahau mara moja akaniita kwa jina tukiwa tunachota maji, na aliyemjibu alikuwa upande wa pili wa ukuta. Dada hakulala kwangu tena.

Kwa hiyo wewe unayepita njia zile, hata sasa ambapo kuna magari, nisikilize. Ukikutana na mtu ambaye vumbi halimshiki, akikuomba tumbaku mpe. Maji mpe. Akitaka ngamia, mpe ngamia. Jina lako usimpe, hata kama bunduki ziko mbele yako. Mimi nilipatana naye vizuri kuliko mtu yeyote ambaye angekutana naye, na bado unaona nilivyobaki.

Wanangu nimeshawaambia. Nikifa, sheikh atasimama juu ya kaburi langu, ataniita kwa jina langu na jina la mama yangu, kama ilivyo desturi yetu ya talkini. Wakati huo watulie. Wakisikia mtu ameitikia kutoka nyikani, wasikimbie na wasimfuate. Wamalize dua, waende nyumbani wanywe chai. Lile ni jambo langu na yule mwanamke, na mimi huko ninakokwenda nitamtafuta, nikae naye chini, tuanze kuongea bei upya.