Kilo ya Gunia

Nina ugonjwa wa kuhesabu mara mbili. Nikinunua mayai sokoni Sake nayahesabu yakiwa kwa muuzaji, kisha nayahesabu yakiwa kwangu, kana kwamba kati ya mkono na mkono moja lingeweza kuota miguu. Kwa hiyo siku nilipogundua kwamba kila gunia langu la maharage limepungua kilo moja, sikukasirika. Nilifurahi. Mtu wa shaka hufurahi akiibiwa, maana angalau inaonekana hakuwa mjinga.

Maharage yenyewe niliyanunua Nyabiondo, magunia kumi ya katani, nikayapima huko kwa kipimo changu cha kuning'iniza. Mara mbili, bila shaka. Pikipiki zikayashusha hadi depo ya ushirika, ambako kila mtu huweka yake hadi yauzwe, na pale kompyuta ikanipunguzia kilo moja kwa kila gunia. Ile kilo moja ambayo depo hukata kwa ajili ya gunia tupu nilikuwa nimeshaitoa mwenyewe. Kanuni ya depo naijua. Hii ilikuwa kilo nyingine.

Aliyepima alikuwa mama mmoja wa kilimani, mshika ufunguo wa depo kwa miaka sita. Mizani yao ya umeme iliwahi kuanguka kutoka kwenye pikipiki, kioo chake kikafa, na ni mimi, mtu wa Butembo mwenye kibanda cha simu na kompyuta, niliyeitwa kuiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB ili uzito usomeke kwenye skrini. Hiyo ilikuwa miezi miwili kabla. Msomaji alikumbuke hilo, kwa kuwa mimi nilikuwa nimelisahau.

Nikamwambia mama mbele ya foleni, watu ishirini na wawili, kwamba kompyuta yake imefundishwa kula. Hakupaza sauti.

“Papa, maharage yote iko mu depo. Mwizi gani anaiba na anaacha?”

“Mwizi mwenye subira,” nikasema.

Watu wakacheka. Kicheko kile bado nakisikia, na kila nikikisikia nakuta hoja yake ilikuwa nzuri kuliko mzaha wangu.

Kesho yake nilirudi na laptopu. Kuna programu huria, za bure, ambazo yeyote anaweza kuzifungua aone zilivyoundwa. Mojawapo hukuwezesha kunasa kila kinachopita kwenye waya wa USB, kama mtu anayesimama mlangoni akisoma barua kabla hazijamfikia mwenyewe. Nikaiwasha, nikamwomba mama aweke gunia. Kwenye waya mizani ikasema mia moja. Kompyuta ikaandika tisini na tisa. Nikageuza skrini watu waone, nikarudia kwa gunia la pili.

Prezida wa ushirika, mtu wa maneno machache, akanyoosha mkono. Mama akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake, akatoa ufunguo, akampa, akaenda nyumbani bila kuaga mtu.

Ningeishia hapo ningelala vizuri. Lakini watu walipotawanyika nilitaka kuhakikisha tena. Nikachomoa mizani, nikachomeka kadi yangu ndogo kama kiberiti, ambayo programu nyingine huria huiwezesha kujifanya kifaa unachotaka: kibodi, flashi, hata mizani. Nikaiagiza ijifanye mizani ile na iseme hamsini. Kompyuta ikaandika arobaini na tisa. Hapakuwa na gunia. Hapakuwa na mama. Nikaiagiza iseme sifuri, na kompyuta ikaandika kilo moja chini ya sifuri.

Nikafungua ukurasa wa mipangilio. Mahali pa uzito wa gunia palikuwa na moja, na kando yake maelezo kwa Kifaransa changu kibovu: imehakikiwa mara mbili. Siku ile ya kuifunga niliiagiza mizani itoe kilo ya gunia. Kisha, kwa kuwa simwamini mtu, hata mimi mwenyewe, nikaiagiza na kompyuta iitoe.

Hiyo si aibu bado. Kukosea hesabu hutokea. Aibu ni kwamba niliifuta ile moja, nikaandika sifuri, nikafuta na maelezo, halafu nikamwambia prezida kwamba kompyuta ilikuwa na virusi na sasa imepona. Akaniuliza kama mama alihusika. Nikajibu kwamba mambo ya mashine ni magumu kuyajua.

Siku nne ufunguo ulikaa kwa mtu mwingine. Jumapili, kwenye misa ya kwanza, nafasi ya mama katika mstari wa mbele wa kwaya ilikuwa wazi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake akichambua maharage kwenye ungo. Nikamweleza yote. Kisha, Mungu anisamehe, nikaanza kupatana bei. Nikasema nitamwambia prezida, peke yake. Aliendelea kuchambua. Nikaongeza kamati. Nikaongeza barua, tena yenye sahihi. Akaweka ungo chini.

“Papa, ulinisemea wapi?”

“Ku depo.”

“Saa ya watu?”

“Saa ya watu.”

“Basi hiyo njo bei yenyewe.”

Siku ya kupima nilipanda juu ya mizani, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuonekana, na kompyuta ikaandika uzito wangu, pungufu kilo moja tu, ile ya gunia. Nikasema kilo zao nilizikata mimi, kwa mkono wangu, na kwamba nilipojua nilinyamaza siku nne huku mama akibeba jina la mwizi. Hakuna aliyecheka. Prezida akamrudishia ufunguo, akasema ziada iliyomo depo itarudi kwa wenyewe.

Nilikuwa nimeshashusha mguu mmoja wakati papa mmoja, aliyefika dakika ile kutoka Buleusa na matope hadi magotini, alipouliza kuna nini. Mama alikuwa anafunga ufunguo kwenye kitenge. Hakunitazama.

“Huyu hakusikia,” akasema. “Rudilia.”

Nikarudi juu ya mizani.