Mteremko wa Ng'ombe

Dada yangu alipochaguliwa chuo kikuu, stesheni ya Mpanda haikuwa na njia ya kumpandisha kwenye treni na baiskeli yake ya matairi matatu, isipokuwa mteremko waliojengewa ng'ombe. Tukamsukuma humo, mimi najisikia kama nasindikiza waziri.

Likizo alirudi amechoka. Madarasa yako ghorofani. Asipopata wa kumbeba, kipindi kinampita. Alikuwa anafikiria kuacha.

"Wasomi wote wale hawajajenga hata kamteremko?"

"Watajengaje, mdogo wangu, na pale hakuna ng'ombe?"

Tulicheka mpaka mama akatukemea. Siku ya kuondoka nikamwambia, "Dada, nenda tu. Wakizidi kuchelewa kujenga, nitawaletea ndama wa baba asome na nyie."

Akacheka, akaanza kupanda mteremko.